Baadi ya Magurudumu Mawili

Kama umewahi kumwona mtu mzima akiifunga pikipiki kamba kwenye gurudumu la mbele, kama ngamia anayefungwa goti asitoroke, basi umeshakutana na mjomba wangu Kerrow na sina haja ya kukueleza zaidi. Lakini nitaeleza, kwa sababu kila anayesimulia habari hii hapa Rhamu ameiongezea chumvi, na nusu yao hawakuwepo hata.

Mjomba kwetu ni abti. Na abti naye humwita mpwa wake abti vilevile, ndiyo maana mimi naye tukibishana, aliye nje ya ua hajui nani anamkaripia nani. Nilikuja kukaa kwake baada ya kumaliza kidato cha nne, nimsaidie kwenye shamba la vitunguu na matikiti kando ya mto Daua. Nilisaidia kidogo. Sehemu kubwa ya wakati nilisukuma pikipiki.

Hiyo pikipiki aliikuta mwaka wa El Nino, yeye akiwa kijana mwembamba anayechunga ngamia wa babu. Mafuriko yalipopungua aliona usukani umechomoza kwenye mchanga wa laga, mto wa msimu, akadhani ni pembe za ng'ombe aliyezama. Akachimba. Kadiri alivyochimba ndivyo ng'ombe alivyozidi kuwa chuma. Alipoikokota mpaka nyumbani babu aliizunguka, akaipiga teke tairi, kisha akatoa hukumu. Babu hakujua lolote kuhusu pikipiki, lakini sheria ya mali iliyopotea aliijua kuliko jina lake. Alisema hii ni baadi.

Baadi ni mnyama aliyepotea akakutwa na mtu asiye mwenyewe. Aliyemkuta humlisha, humtibu, na hunywa maziwa yake kama ujira wa kuchunga. Lakini hamuuzi wala hamchinji, na ni lazima amtangaze. Mwenyewe akija akataja alama za mnyama wake, anapewa, hata kama mchungaji ameota mvi akimchunga. Mjomba akauliza maziwa ya pikipiki ni yapi. Babu akafikiri, akasema maziwa yake ni kuipanda.

Basi kila Ijumaa, miaka yote hiyo, mjomba alisimama nje ya lango la msikiti, maana ndani hairuhusiwi kutangaza vilivyopotea, akasema ana baadi ya chuma, mwenyewe aje ataje alama. Vijana walishazoea kumjibu kwa pamoja: imeshazaa?

Msimcheke sana. Ufugaji wa pikipiki hakufundishwa na mtu. Mwanzoni aliilisha petroli tupu, kumbe injini ya aina ile hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na ukiinyima oili pistoni inakwama kama mtu aliyekabwa na nyama. Ikakwama. Alipopata pistoni nyingine aliona cheni inalia, akaipaka mafuta ya mkia wa kondoo, yale yale anayopaka ngozi ya kamba za ndoo. Cheni ilinyamaza. Ila mafuta yalirukia mpaka kwenye kiti, na asubuhi akakuta fisi amekula kiti karibu chote na kumwachia springi na ukingo. Sifongo inayochuja hewa ililiwa na mbuzi, huyo alijulikana kwa jina na akachinjwa. Kutu ilipoanza kwenye tangi, mjomba alilipaka rangi nyeupe iliyobaki shule ilipopakwa rangi. Kwa hivyo pikipiki ilifanana na darasa, na kiti chake kipya kilikuwa kipande cha godoro la mtoto.

Na kwa miaka mingi aliamini ni kilema. Haina pa kubebea mzigo. Haikimbii, punda wa mkokoteni mwenye haraka zake huipita. Iko juu kama mbuni na nyepesi kama mbuzi, na ukikaa, magoti yanakugonga kidevu. Aliipenda hivyo hivyo, kama mtu anavyompenda mtoto asiyejua hesabu.

Aliyegundua kwamba si kilema ni binti yake, Ikran. Tuko rika moja mimi naye, tofauti ni kwamba yeye ana akili. Siku moja alitafuta kwenye simu pikipiki inayofanana na yao, akakuta video za wazee wa Ulaya wenye mvi, wamesimama wima juu ya pikipiki za zamani kama ile, wanatambaa polepole juu ya mawe yenye ukungu. Hakuna anayekimbia. Kumbe zilitengenezwa kwa mchezo huo mwaka wa sabini na kitu: kupanda mawe bila kuweka mguu chini. Ukigusa chini unahesabiwa kosa. Anayeshinda ni aliyegusa mara chache, si aliyewahi. Mjomba aliangalia video ile mpaka mwisho. Kisha akasema wale wazee hawana mawe ya maana.

Mawe sisi tunayo. Nyuma ya mashamba kuna kilima ambacho hata mbuzi hukipanda akisoma dua. Ikran alianza huko. Alipunguza upepo kwenye matairi mpaka yakawa laini, yashike mwamba, akasimama kwenye vikanyagio, magoti yamekunjwa, vidole viwili kwenye klachi. Miezi ya kwanza alianguka sana, na kazi yangu ilikuwa kuinua pikipiki kwanza na yeye baadaye, kwa amri yake. Halafu akaacha kuanguka. Ukimwona akipanda lile jiwe kubwa, injini inasema tik, tik, tik kama saa ya ukutani, na yeye hata uso hakunji.

Maneno yalikuwepo, bila shaka. Mzee Ogle, jirani yetu ambaye ana maoni kuhusu kila kitu isipokuwa shamba lake lenyewe, alimuuliza mjomba kama ni vizuri msichana kupanda chombo. Mjomba alimuuliza, familia yao ilipokuwa inahama, ni nani aliyefunga nyumba nzima juu ya ngamia na kumwongoza, yeye Ogle au mama yake? Ogle akabadilisha habari, akauliza bei ya vitunguu.

Taabu ilianza na video. Ikran aliniomba nimrekodi akipanda jiwe kubwa, akaipachika mtandaoni, na ikaenda. Ilifika Garissa, ikafika Nairobi, ikafika kwa jamaa zetu wa Minneapolis waliotuma vicheko. Sote tulifurahi isipokuwa mjomba. Aliketi na simu, akaiangalia tena na tena, kisha akatuuliza kama tulijua tumefanya nini. Tukasema tumempa umaarufu. Akasema tumeweka alama zote za baadi sokoni.

Hapo tukaelewa. Mtu anayetangaza ngamia aliyepotea hasemi chapa iko wapi wala sikio lipi limekatwa. Hayo huyaacha ayaseme mwenyewe. Ndiyo kufuli ya sheria yote. Na sisi tulikuwa tumeonyesha tangi jeupe, godoro la mtoto, sailensa iliyofungwa waya, na kikanyagio kipya cha kulia kinachong'aa.

Wiki haikuisha, mwenyewe wa kwanza akaja. Huyu alitoka Lafey, amevaa miwani ya jua, akasimama uani akakariri: tangi jeupe, kiti kifupi cha godoro, waya kwenye sailensa. Hakukosa hata kimoja. Watu waliokusanyika wakaanza kumpongeza. Mjomba akampa chai, akamwambia aende salama, Mungu amsamehe. Siku chache baadaye akaja wa pili, mfanyabiashara kutoka Hagadera, naye akakariri vilevile, tena akaongeza kwamba aliinunua nyeupe dukani, mpya. Mjomba akampa chai na yeye, akamuaga.

Hakueleza sababu. Ndiyo tabia yake, anafikiri kila mtu anaona anachokiona yeye. Lakini mji ulianza kunung'unika. Mzee Ogle alisema waziwazi kwamba wamekuja wawili, wote wametaja alama sawasawa, na Kerrow amewafukuza. Basi Kerrow ameamua kula baadi. Hilo neno ni zito kwetu. Mtu anaweza kusemwa ni mchoyo akalala vizuri. Akisemwa amekula baadi, hata salamu yake inapokelewa kwa mkono wa kusitasita. Nilimwona mjomba Ijumaa ile akisimama langoni kutangaza, na hakuna kijana aliyeuliza kama imezaa. Wangeuliza tu. Ingekuwa nafuu.

Ikran alikuwa na hofu ya namna mbili na alinieleza zote tukiwa kilimani. Akija mwenyewe wa kweli, pikipiki itaondoka. Asipokuja, jina la baba yake litaondoka. Nikamwambia achague. Akanirushia spana.

Wa tatu alikuwa mwanamke.

Alishuka kutoka kwenye gari la Mandera na mkoba mmoja, mtu wa miaka thelathini na kitu, buibui limejaa vumbi. Alijitambulisha kuwa anaitwa Sahara, anafanya kazi ofisini Garissa, na marehemu baba yake, Shuaib, alikuwa fundi wa visima aliyezunguka nchi hii yote akitengeneza pampu. Watu walijaa uani kabla hajamaliza maji. Mzee Ogle aliketi mbele, ameshikilia fimbo kama hakimu. Mjomba akamuuliza swali moja tu: amepoteza nini?

"Walaal, ndugu yangu," Sahara akasema, "nimeambiwa kuna video. Sikuiangalia. Niliogopa macho yangu yatachukua alama za mtu mwingine, nije nikuapie uongo. Nitasema tuliyoipoteza sisi, kama ninavyoikumbuka nikiwa mtoto."

Mjomba akamwashiria aendelee.

Akasema tangi ni la buluu. Uani mtu mmoja akacheka puani. Akasema kiti ni kirefu, baba yake alikuwa akimpakia yeye na dada yake kwa pamoja, na kilichanika upande, mama yao akakishona kwa uzi wa kijani. Sasa walicheka wengi, maana godoro letu halitoshi hata paka wawili. Akasema kikanyagio cha kulia ni kifupi kuliko cha kushoto. Baba yake alikivunja kwenye mawe akakikata na kukilainisha kwa tupa. Sote tuliangalia kikanyagio cha kulia, kile kipya, kirefu, kinachong'aa.

Mzee Ogle alisimama akatoa uamuzi bila kuombwa: dada huyu ni muungwana, lakini amekosa zote. Watu wakakubali. Na mimi sitakudanganya, moyo wangu ulicheza ngoma. Nilimtazama Ikran nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mtungi. Ilikuwa imekwisha. Mashahidi mji mzima, alama zote makosa, pikipiki inabaki, na hakuna ambaye angethubutu kusema mjomba amekula kitu. Hata Sahara mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa na kushika mkoba wake, tayari kuomba radhi kwa usumbufu.

Mjomba hakumwangalia Ogle. Alikuwa akiitazama pikipiki. Kisha akaniambia, "Abti, lete spana namba kumi."

Nilileta polepole, nikitumaini spana itapotea njiani. Akafungua boliti za tangi, akachomoa mpira wa petroli, akalinyanyua tangi na kuligeuza juu chini mbele ya watu. Upande wa chini, ambako brashi ya rangi ya shule haikufika, lilikuwa buluu. Kisha akaingia nyumbani akatoka na gunia ambalo sikuwahi kuliona likifunguliwa. Humo alihifadhi kila kitu alichowahi kukibadilisha, maana mnyama wa watu hata pembe yake ikidondoka unaiweka. Pistoni iliyokwama. Cheni. Springi za kiti, na ukingo wa kiti ulioponea mdomo wa fisi, wenye nyuzi za kijani. Na kikanyagio kifupi, kimekatwa kwa msumeno, kimelainishwa kwa tupa.

Alikiweka mkononi mwa Sahara.

"Wale wawili walitaja alama zangu," akawaambia watu. "Rangi yangu, godoro langu, waya wangu. Huyu ametaja alama za siku niliyoichimba. Ni yake."

Ogle aliketi. Ile fimbo ya hakimu akailaza chini.

Sahara alikipapasa kile chuma kwa kidole gumba, akalia kidogo bila sauti, kisha akajifuta na kusema jambo la haraka. Alisema mjomba ameichunga kuliko wao, basi abaki nayo, yeye amefurahi kuiona tu. Na hapo mjomba alinishangaza tena. Alikataa. Alimwambia kwamba zawadi inayotolewa mbele ya watu, mtu akiwa na machozi, si zawadi, ni aibu imevaa nguo nzuri. Kwanza ichukue iwe yako. Ilale kwako. Ukiamka bado una neno, sema.

Akafunga tangi, akatoa kamba kwenye gurudumu la mbele, akamkabidhi usukani. Sahara aliisukuma mpaka nyumba ya wageni, na watoto wote wa Rhamu nyuma yake. Ikran hakutoka kuangalia. Alikaa jikoni akakata vitunguu vingi kuliko chakula kilivyohitaji, na kwa kuwa ni vitunguu hakuna aliyeweza kumuuliza kitu.

Asubuhi tulikwenda shambani watatu. Maji ya mfereji yalikuwa yanaingia kwenye matikiti, nami nilikuwa nimejiandaa na mzaha, niwachekeshe, lakini kila mzaha niliouona kichwani ulikuwa na pikipiki ndani yake. Kisha tukaisikia. Si injini. Ni cheni, ikikwaruza, na pumzi za mtu.

Sahara alikuwa anaisukuma kwenye njia ya kilima, buibui amelifunga kiunoni, suruali ya michezo chini, viatu vya ofisi. Jasho linamtiririka. Alipotufikia aliiegemeza kwenye ukingo wa mfereji na akamsalimu mjomba, lakini maneno yake alimpa Ikran.

Alisema jana kabla ya kulala ndipo alipoangalia ile video. Akaiangalia mpaka chaji ikaisha. Akasema baba yake alikuwa akiwapakia yeye na dada yake kama mizigo ya kuni, na alipomwomba amfundishe alimwambia subiri ukue. Halafu mafuriko yakaichukua, naye baba akaugua mwaka uliofuata, na yeye akakua bila kitu cha kufundishiwa. Leo amejaribu kuiwasha tangu alfajiri na haikumsikiliza.

"Nyumbani kwangu Garissa ni ghorofa ya pili," akasema. "Nikiipeleka itakuwa picha ya ukutani. Ndugu yangu akiwa na ngamia wa maziwa na mimi sina, ananipa nikamue mpaka maziwa yakauke, na ngamia anabaki kuwa wake. Si ndivyo? Basi hii ni yangu, na nimekupa wewe ukamue. Wewe, si baba yako. Lakini nina sharti. Nikija likizo unanifundisha. Na likizo yangu imeanza jana."

Ikran alimtazama baba yake. Mjomba alikuwa amegeuka, anachunguza tikiti moja kwa makini ambayo hakuna tikiti lililowahi kuistahili.

"Eddo," Ikran akasema, akimwita kama shangazi yake, "hivyo viatu vitakuua. Vaa vyangu."

Hakumkumbatia wala nini. Alivua viatu vyake, akaishika pikipiki, akailaza upande wa kushoto mpaka petroli ikadondoka kwenye kabureta, akaisimamisha na kupiga kiki moja. Ikaitika. Sahara alicheka kwa namna ambayo punda wawili waligeuza masikio.

Tulipanda kilimani sote. Mashamba yalibaki yakinywa maji yenyewe. Mjomba alianza kumfundisha Sahara habari za klachi, Ikran akamwambia, kwa heshima zote, aabo, yaani baba, mwalimu ni mmoja. Akarudi nyuma, lakini vidole vyake viwili vilikuwa vinabana klachi hewani kila mara Sahara alipobana ya kweli.

Jiwe la kwanza, dogo, Sahara alishusha mguu kabla hata gurudumu halijaligusa. La pili alishusha miguu yote miwili na tako moja. Ikran alimwambia asiangalie jiwe, aangalie anakotaka kwenda, na asimame kama anatazama kitu juu ya ukuta wa jirani. Hiyo Sahara aliielewa haraka sana, nadhani wanawake wote wa Garissa wangeielewa. Akasimama. Akakunja magoti. Injini ikaanza ile sauti yake, tik, tik, na gurudumu la mbele likanyanyuka juu ya jiwe, likakaa, na la nyuma likafuata kama ndama. Miguu yote ilikuwa juu.

Hakuamini. Aliangalia chini kuhakikisha, na kwa kuangalia chini akaanguka.

Ikran alikuwa ameshamwinua kabla sijafika, mtu kwanza safari hii, pikipiki baadaye. Sahara alitema mchanga akaonyesha jiwe linalofuata, lile linalofika kiunoni, na kuuliza kama hilo nalo lina sharti. Ikran akalipima kwa macho, akampima mwanafunzi wake, kisha akanigeukia mimi. Aliniamuru nishuke nisimame upande ule wa chini, nifungue mikono, na nisikimbie hata nikiona nini.

Nikamuuliza nitadaka nini, mtu au pikipiki.

"Chochote kitakachofika kwanza," akasema, na Sahara akapiga kiki.